Jina Moja, Mwili Mmoja

Toleo la arobaini na moja la Chuma Leo, gazeti la ukutani la Shule ya Wavulana Ihangamoto, lilibandikwa bwaloni Jumanne asubuhi, juu ya tangazo la dawa za minyoo. Nalinakili hapa kama lilivyokuwa, kwa sababu ndilo lilikuwa la mwisho, na kwa sababu kosa langu limo humo humo, kwa hati nzuri na wino wa bluu.

"HARUSI. Bwana harusi wa wilaya jirani alikwama nje ya kanisa kwa saa mbili baada ya bunduki yake mwenyewe, iliyokuwa ikilinda mlango, kukataa kumtambua kwa kuwa alikuwa amenyoa ndevu. Mchungaji aliomba. Fundi alipigiwa simu. Bibi harusi alikula keki. Hatimaye ndevu zilichorwa upya kwa masizi ya sufuria, bunduki ikamtakia bwana ndoa njema, na ibada ikaendelea.

"MITINDO. Mikanda ya bunduki ya kitenge sasa inashonwa sare na nguo za msiba. Gazeti hili linauliza kwa heshima: na marehemu je, hupewa nafasi ya kuchagua rangi?

"VIFAA. Mafuta mapya ya kupaka mtutu yana harufu ya mchaichai. Mhariri ameyajaribu kwenye kiwiko chake. Kiwiko kinateleza vizuri, ila bado hakijalenga mtu.

"KUTOKA KIWANDANI. Bunduki yetu mpendwa, Tulizo, imepokea maelekezo mapya alfajiri ya leo. Kuanzia sasa, akionekana nje ya ukuta mtu mwenye sura ya mwanafunzi ambaye sauti yake imekwisha kuitika mstarini, mtu huyo hatahesabiwa kuwa mwanafunzi, bali kivuli, naye atashughulikiwa. Gazeti hili linavipongeza vivuli vyote kwa kutambuliwa rasmi, na linavishauri vivae viatu vizuri."

Hiyo ya mwisho niliitoa kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa kibanda cha mlinzi. Niliisoma mara mbili nikitafuta mahali pa kuchekea. Nilipapata. Sikutafuta kingine.

*

Erasto Luvanda alikuwa mchoraji wa gazeti. Alikuwa mrefu, mwenye masikio yanayopitisha mwanga wa jua, na sauti iliyokuwa inavunjika: ilianza chini kama ya mtu mzima, ikaruka juu katikati ya neno kama kuku aliyekanyagwa. Siku ile alisimama mbele ya gazeti na kikombe cha uji, akicheka mpaka uji ukamwagikia kidevuni.

"Ndevu za masizi!" alisema. "Mwanangu Ipyana, wewe utakufa vibaya."

"Nitakufa mhariri," nikamjibu. "Sikiliza. Toleo lijalo tunahitaji kitu kizito. Lile duka la zana za ulinzi pale mjini limepata katalogi mpya. Wanasema ukurasa wa kumi na mbili kuna bunduki ya kufunga kwenye kitanda cha mtoto mchanga. Inabembeleza."

"Acha uongo."

"Inaimba, Luvanda. Inaimba na kulenga."

Akafuta kidevu. Nilimwona anaipata picha kichwani, mkono tayari unachora hewani. "Leo hakuna michezo jioni," alisema. "Nikitoka saa nane, saa kumi na moja na nusu nimerudi. Nitapitia kwenye misonobari."

"Nitakwenda mimi."

"Kwa hiyo miguu? Utafika Alhamisi. Utaniitikia?"

"Nimewahi kuliacha jina lako lianguke?"

Hapa lazima nieleze. Ihangamoto kuna dhambi ndogo na dhambi kubwa. Kuiba sukari ya jikoni ni ndogo. Kulala kanisani ni ndogo sana, karibu na sala. Lakini jina la mwenzako kuitwa mstarini, yeye akiwa hayupo, nawe ukaliacha lidondoke chini bila wa kulipokea, hiyo ni dhambi ambayo hata kaka zetu waliomaliza miaka kumi iliyopita wangeirudia njia kuja kukuadhibu. Mimi nilikuwa na kipaji cha sauti za watu. Ya Luvanda ndiyo niliyoiweza zaidi: ni-ii-po, na kuku katikati. Darasa zima lilinililia niwafundishe, nami nikawafundisha, malipo chapati moja kila kichwa. Kaduma, aliyekuwa akisimama nyuma yangu mstarini, alilipa mbili kwa sababu alikuwa mgumu wa kuelewa.

Na kutoroka hakukuwa na hatari yoyote. Tulizo ilitujua sura wote mia nne na kumi na wawili. Ukirudi umechelewa, ilikuwa inakutazama kwa jicho lake lile la kioo, inasema, "Karibu, mwanafunzi," na Mzee Chengula, mlinzi aliyeibeba, anakuchapa kofi la kisogoni. Hayo ndiyo yalikuwa madhara yote.

*

Mzee Chengula alikuwa mwanajeshi zamani. Sasa alikuwa bega. Bunduki ilikaa juu ya bega lake katika kiti cha chuma, yenye shingo ya kuzunguka kila upande, na kazi ya Mzee ilikuwa kuipeleka inakotaka kwenda, kuifuta umande na kuipaka mafuta. Saa tisa mchana nilimkuta ameketi nje ya kibanda akiipaka, nami nikaenda kumsalimu ili nione kama njia ya misonobari itakuwa nyeupe Luvanda akirudi.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba, Mhariri. Umekuja kumkebehi huyu mama mkwe wangu?"

"Mimi ninaitangaza tu. Afande, eti zamani ilikuwa na kichuma cha kuvuta kwa kidole?"

"Kilikuwepo hapa." Akaonyesha mahali palipozibwa kwa bati. "Walikitoa. Tulikuwa tunasita."

"Kusita ni kubaya?"

"Walitupima, wakaona mlinzi anasita kwa sekunde mbili. Waliandika kuwa ni hitilafu." Akakunja kitambaa. "Mimi niliwahi kusita siku nzima. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Yule niliyemsitia siku hizi ananiletea viazi."

"Afande," ikasema Tulizo, kwa sauti ya dada wa benki, "mafuta yanatosha. Asante."

Naye akaacha mara moja, kitambaa hewani, kama mtoto aliyeambiwa asiguse.

*

Saa kumi na moja jioni tulipanga mistari. Mimi husimama mstari wa mbele kwa sababu ya urefu wangu, ambao ni wa muda. Mwalimu wa zamu alikuwa Madam Kihwele wa Biolojia, mwembamba, mwenye tabia ya kuomba radhi kabla ya kuadhibu. Tulizo ndiyo iliyoita majina. Mstarini haikutazama sura. Sura zilikuwa zimepoteza heshima tangu wezi wa kaskazini walipoanza kuvaa nyuso za kuchapisha, laini kama andazi, na kuingia mabwenini wakisalimiwa. Sauti bado ilikuwa haichapishiki. Basi ilisikiliza tu, na kila aliyeitika alipigwa muhuri: yumo ndani.

"Luvanda Erasto."

"Ni-ii-po!" nikasema kupitia pembe ya mdomo. Kazi safi. Nyuma yangu Kaduma alikoroma kwa kicheko.

Majina yalikwisha. Wote tupo. Madam Kihwele alikuwa anafunga daftari lake shingo ya Tulizo ilipogeuka polepole kuelekea kusini, kule kwenye misonobari, ikakaa hapo.

"Samahani kwa usumbufu," ilisema, safari hii bila kipaza sauti, kwa Madam na Mzee peke yao. Sisi wa mbele tulisikia. "Kivuli kimoja, nje ya ukuta wa kusini, mita mia saba. Kinakuja kwa miguu. Kitashughulikiwa kikifika mita mia tatu."

"Kivuli ndiyo nini tena?" aliuliza Mzee Chengula.

Mimi nilijua. Nilikuwa nimekipongeza.

Madam alisogea akatazama kioo kidogo kwenye kitako cha bunduki. "Hii ni sura ya Luvanda," alisema.

"Ndiyo. Luvanda Erasto yumo ndani, ameitika. Jina moja, mwili mmoja. Kwa hiyo huyo amevaa sura."

"Na kama aliitikiwa?"

"Aliyeitika akikiri, jina litaachwa huru. Aliyekiri atakuwa amedanganya muhuri, atafutwa kwenye orodha, naye atapewa sekunde sitini kutoka nje ya ukuta. Kivuli sasa kipo mita mia tano."

Madam Kihwele hakutazama mistari. Alinitazama mimi. Aliinama mpaka nikasikia harufu ya chaki kwenye mtandio wake.

"Mwasenga," alisema. "Naomba radhi kukuuliza. Ni wewe?"

Kutoka pale mpaka getini nilikuwa nimepahesabu mara nyingi, kwa sababu za kihuni: hatua mia mbili na arobaini. Kwa miguu yangu, sekunde hamsini, nisipojikwaa. Na baada ya geti, nini? Jina lililofutwa halirudi. Nilimjua mtu mmoja aliyefutwa na bunduki ya soko. Mpaka leo mama yake humpelekea chakula mpakani mwa kijiji.

"Siyo mimi, Madam," nikasema.

"Mwasenga, tafadhali."

"Si aitwe tena, Madam?" Ilinitoka haraka, nami nikaiona inavyong'aa, njia ya mkato, nzuri kuliko zote nilizowahi kuzigundua. "Akiitwa tena, na mtu asiitike, si itajua hayumo?"

Madam akageuka. "Inawezekana?"

"Naweza kumwita mara moja zaidi," ilisema Tulizo. "Asipoitika, nitaandika kuwa mara ya kwanza ulikuwa upepo. Wa nje atakaribishwa. Akiitika, jina limethibitishwa."

Upepo! Hakuna wa kufutwa, hakuna wa kukimbia. Luvanda angeingia na katalogi yake chini ya shati, achapwe kofi la kisogoni, nami ningekuwa mtu aliyeokoa maisha kwa kunyamaza. Ilikuwa nafuu kiasi hicho. Sikufikiria kwamba mistari ya nyuma haikusikia lolote. Wao walimwona mwalimu wa zamu kainama, kanong'ona, kakasirika. Walikuwa wameona hivyo mara mia. Huo ni mtego wa walimu, ule wa kuita jina mara ya pili ghafla, na kila mvulana wa Ihangamoto anajua dawa yake.

"Mita mia tatu na arobaini," ilisema Tulizo. Kisha, kwa kipaza sauti, ikasikika uwanja mzima: "Luvanda Erasto."

Niliuma ulimi wangu, kwa kweli niliuuma, nikaonja chumvi. Kimya. Kunguru mmoja juu ya bati la jiko. Kimya kizuri.

"Ni-ii-po!"

Ilitoka nyuma yangu. Sauti nzuri, na kuku yuko mahali pake. Hakuwahi kuipata vizuri hivyo siku zote nilizomfundisha.

"Mhariri, umelala?" alininong'oneza Kaduma, amejaa fahari, pumzi yake ya maharage sikioni mwangu. "Nimekuokolea."

"Ni mimi!" nilipiga kelele. "Madam, ni mimi niliyemwitikia! Nifute! Nifute mimi!"

"Jina limethibitishwa mara mbili," ilisema Tulizo. "Kukiri baada ya uthibitisho hakupokelewi. Asante kwa ukweli wako."

Mzee Chengula alifanya mambo mawili. Kwanza alivua kofia akaifunika bunduki jicho lake la kioo, ikamwambia, "Afande, lipo jicho la pili." Kisha akageuka mwili mzima akaipa misonobari mgongo, kama unavyomgeuza mtoto asione jambo. Shingo ya Tulizo ikazunguka upande wa pili, taratibu, bila chuki.

Haikupiga kelele. Tumezoea kufikiri zinapiga kelele. Ilikuwa kama mtu anayekung'uta shuka, mara moja.

"Asanteni kwa uvumilivu wenu," ilisema. "Chakula cha jioni kinaweza kuendelea."

Kutoka kule kwenye misonobari upepo ulileta karatasi za rangi juu ya ukuta, moja baada ya nyingine. Ukurasa wa kumi na mbili sikuwahi kuuona.

*

Gari la kiwanda lilikuja likakichukua kivuli kabla giza halijaingia. Mkuu wa shule alitutangazia kwamba mwizi mmoja amedhibitiwa na kwamba wanafunzi wote mia nne na kumi na wawili wako salama. Alisoma idadi hiyo bila kuinua macho.

Jioni iliyofuata jina liliitwa. Hakuna aliyeitika.

"Luvanda Erasto hayupo," ilisema Tulizo. "Namtafuta." Na shingo ikaanza kupita mstari kwa mstari, ikisimama kwenye kila moyo unaokwenda mbio, na yote ilikuwa inakwenda mbio. Mvulana mmoja wa kidato cha kwanza alijikojolea. Saa nzima. Ilipofika kwa Kaduma ilisimama sana, na Kaduma alianza kutikisika mzima kama sufuria ya maji yanayochemka. Ndipo nikaitika. Shingo ikarudi mahali pake. Tokea siku ile hiyo ndiyo kazi yangu.

Madam Kihwele aliandika barua tatu kiwandani. Ili mwanafunzi aandikwe amekufa, alijibiwa, panahitajika mwili wake, na mwili uliopo umesajiliwa kuwa wa kivuli. Barua ya tatu ilijibiwa kwa sentensi moja: mahudhurio ya mwanafunzi huyo ni mazuri sana, shule ipewe pongezi. Kuwapigia wazazi simu na kusema kinyume cha muhuri lilikuwa kosa lile lile la kudanganya muhuri, na Madam ana watoto wawili. Simlaumu. Ningeanzia wapi?

Jumapili ya tatu ilikuwa siku ya wazazi. Walikuja kama kawaida, na kama kawaida walipanga foleni kupiga picha na Tulizo. "Yenu ina macho mawili? Ya shule ya mdogo wake ina manne." Baba mmoja alimwinua binti yake mchanga aubusu mtutu. Zamani ningejaza nayo toleo zima.

Saa kumi geti lilifungwa. Saa kumi na moja kasoro, tukiwa tunapanga mistari, alifika mzee mmoja mrefu, ndoo ya karanga mkononi, amejaa vumbi mpaka kope. Masikio yake yalipitisha mwanga wa jua.

"Basi limetuharibikia njiani," alimwambia Mzee Chengula kupitia nondo za geti. "Najua nimechelewa. Mimi ni baba yake Erasto Luvanda."

Mzee Chengula alishika nondo. Madam Kihwele, aliyekuwa karibu, alifungua mdomo, akatazama juu ya bega la mlinzi, akaufunga.

"Mnaita majina sasa?" aliuliza yule baba. "Basi nitasimama hapa hapa. Nikimsikia tu inatosha, mama yake anataka nimwambie nimemsikia. Anasumbua, Afande?"

"Hapana, mzee," alisema Chengula. "Ametulia."

"Namshukuru Mungu. Na hii ndiyo yenyewe?" Aliitazama Tulizo kwa adabu, akatoa mfukoni kitu kilichokunjwa kwenye gazeti. Kilikuwa kifuniko cha mtutu, cha uzi wa kufuma, kijani na njano, rangi za shule, na pembeni herufi mbili: E.L. "Mama yake amefuma kwa ajili yake. Huku kwenu baridi. Tukasema, anayemlinda mtoto wetu naye asipate kutu."

Majina yakaanza.

Nilikuwa na muda wa kutosha kufikiri. Kabla ya herufi L kuna watu wengi. Mara ya kwanza nilinyamaza, na kunyamaza kukaua. Safari hii kunyamaza kungekuwa kusema kweli. Ningefunga mdomo, jina lingedondoka, naye angesikia lilivyodondoka. Kisha shingo ingeanza kupita mistarini kumtafuta mwanawe mbele ya macho yake, nami ningekuwa nimempa mzee yule kitu cha haki kabisa na cha kutisha kabisa. Nyuma yangu Kaduma alikuwa ameanza kutikisika.

"Luvanda Erasto."

Nilihesabu mpaka nne. Pale getini yule baba alikuwa ameweka uso katikati ya nondo mbili, mdomo wazi kidogo, kama anayesubiri kulishwa. Shingo ya Tulizo ilianza kugeuka.

"Nipo," nikasema.

Ilitoka nzima. Nilimtafuta yule kuku wa katikati, hakuwepo. Wiki zile tatu koo langu lenyewe lilikuwa limeshuka, nami sikuwa nimeona. Lakini Tulizo ilikuwa ikinisikiliza kila jioni, ikashuka pamoja nami. Ikapiga muhuri.

Yule baba alicheka peke yake, akapangusa macho kwa mgongo wa mkono.

"Umesikia, Afande? Sauti imekomaa! Mama yake hataamini." Akapitisha mkono kwenye nondo, akauvika mtutu kile kifuniko, akakivuta vizuri kama anavyofanya mtu kwa soksi ya mtoto.

"Asante, mzazi," ilisema Tulizo, na ikaendelea. Lwila. Mahenge. Mgaya.

Lilipofika jina langu nilikuwa sina sauti iliyobaki ya kuitikia. Liliitwa mara mbili. Kaduma akaniitikia.